Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za chuo chenu kabla mwembe haujakatwa

Mwaka juzi nilikuwa kwenye bajaji Sinza, ile foleni ya saa kumi na moja jioni, nikachungulia pembeni nikaona duka la vigae na masinki. Ghorofa mbili, ngazi za nje, geti la kijani lile lile. Nikamwambia dereva, unaona pale juu penye masinki meupe, pale ndo nilifanyia pepa yangu ya kwanza ya chuo. Akanitazama kwenye kioo akasema, "Kwani hapo palikuwaga chuo, braza?" Na yeye ni mtu wa Sinza, kazaliwa hapo hapo.

Chuo chetu kilianza 2005, mi niliingia 2008, intake ya nne, na muda wote ule kilikuwa kinapanga kwenye majengo ya watu. Ukumbi wetu mkubwa wa vipindi ulikuwa ukumbi wa sherehe ambao mwenye jengo wikiendi anaukodisha, kwa hiyo Jumatatu asubuhi unaingia unakuta vitambaa vya sendofu bado vinaning'inia, harufu ya pilau haijatoka, na ticha wa uchumi anafundisha amesimama mbele ya meza kuu yenye maua ya plastiki kama vile ndo yeye anaagwa. Leo chuo kina eneo lake, kina geti la maana, kina maghorofa, na ukisoma historia yake utakuta kilianzishwa, kikasajiliwa, kikahamia. Pilau hakuna.

Basi tukajikusanya watu sita tukasema tukusanye kumbukumbu zetu wenyewe. Miezi ya mwanzo tulikosea karibu kila kitu, afu tukaanza kupatia kidogo kidogo, na haya ninayoandika ni yale ambayo natamani mtu angetuambia siku ya kwanza. Kama umesoma chuo kichanga, kile ambacho mlifika mkakuta rangi ya ukutani bado inanata mkononi, haya yanakuhusu zaidi kuliko mtu aliyesoma chuo kikongwe, maana chuo kikongwe kina watu wa kukiandikia.

Ingawa hata hicho kikongwe nacho kiliwahi kuwa kitoto. Mlimani hii unayoijua, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye Nkrumah Hall waliyoichora kwenye noti ya zamani ya 500, ilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi hawafiki hata ishirini, tena chini ya Chuo Kikuu cha London. Kule kilimani wamehamia 1964. Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga masharti ya kwenda JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400 warudi makwao, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hayo yote utayakuta vitabuni. Ila mi huwa najiuliza, kijana wa Bukoba aliyetimuliwa siku ile, njiani alikula nini, na alipofika akamwambia nini baba yake pale mlangoni? Vitu vya namna hiyo ndo tunavyovitafuta, na wenye navyo ni wale waliokuwepo tu, na wao hawakai milele.

Haya, tuanze. Na usianze na fomu. Sisi tulianza na fomu ya Google, maswali kumi na mbili, tukaitupa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, tukasubiri wiki tatu. Wakajibu kumi na moja. Pale penye "elezea maisha yako ya chuoni" majibu yalikuwa "yalikuwa poa sana", "tulienjoi", "Mungu ni mwema kila wakati", na mmoja kaweka emoji ya moto basi. Sio kwamba watu wamesahau, hapana, ila ukimuuliza mtu maisha yalikuwaje anakaa mkao wa mahafali anaanza kukupa hotuba. Na nakuomba sana, neno "changamoto" usilitaje kabisa kwenye swali lolote, maana Mtanzania ukimwambia changamoto anakusomea ripoti ya semina, kwanza miundombinu, pili rasilimali fedha, mpaka chai inapoa.

Uliza kitu cha kushika mkononi. Muulize mtu mchana ulikuwa unakula wapi na ulikuwa unalipa shilingi ngapi. Hapo hapo atakwambia habari za mama ntilie wa uchochoroni, wali maharage, kwamba mchuzi uliongezwa bure kama umemwamkia vizuri, kwamba alikuwa na daftari la madeni lenye jalada la picha ya Yanga, na kuna watu wamehitimu na majoho yao huku majina yao bado yamo kwenye lile daftari. Atakwambia nani alikuwa anapiga pasi ndefu, yaani hali kitu mpaka saa kumi na mbili jioni, halafu anajifanya amefunga sunna. Dakika ishirini mtu anaongea na hujauliza hata swali la pili.

Maswali yaliyotulipa kuliko yote nakupa bure. Bumu lako la kwanza, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, ulinunua nini? Karibu wote watasema simu, ila mmoja wetu alinunua godoro akalipakia kwenye treni kwenda Kigoma kwa mama yake, huyo tuliongea naye saa nzima na nusu yake alikuwa anafuta macho. Ulibebwa na nani? Maana hosteli ilikuwa na vitanda vya kuhesabu, kwa hiyo kubebana ilikuwa ndo maisha, kitanda cha futi mbili na nusu watu wawili, kichwa huku miguu kule, na mlezi wa hosteli akipita usiku aliyebebwa anajikunja nyuma ya begi. Ulifaulu kwa madesa, yaani notsi za kuazima, ya nani? Siku ya kusaini bumu foleni ilianzia wapi ikaishia wapi? Na hili: matokeo yakibandikwa ukutani, ulikwenda kuyaangalia mchana na wenzako au usiku peke yako? Hilo la mwisho linafungua watu balaa, kila mtu ana usiku wake mmoja aliokwenda na tochi ya simu, moyo unadunda, anatafuta namba yake kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli.

Sasa kuna jambo tulichelewa sana kuligundua nalo kwa chuo kinachokua ndo lenye faida kuliko yote. Chagua swali moja dogo, moja tu, umuulize mtu wa kila intake, kuanzia ile ya kwanza mpaka wa juzi. La kwetu lilikuwa hivi: mkisubiri kipindi mlikuwa mnakaa wapi? Wa intake ya kwanza wakasema kwenye ngazi za nje, walikuwa wachache wote wanatosha. Sisi wa intake ya nne tulikaa kwenye ngazi na kwenye baraza la duka la jirani mpaka mwenye duka akaanza kumwaga maji makusudi. Waliokuja wakakuta chuo kimehamia eneo lake wakasema chini ya mwembe, ulikuwepo mmoja tu kiwanja kizima, na kivuli chake kilikuwa na wenyewe, watu wa sheria upande huu watu wa biashara upande ule. Wa baada yao wakasema mwembe ulikatwa likajengwa bloku la madarasa, wao walikuwa wanakaa kwenye matofali yaliyobaki. Na hawa wa sasa hivi wanakaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje, ukiwauliza mwembe wanakuuliza mwembe gani. Yaani hatukuandika hata sentensi moja ya kuelezea chuo kilivyokua, tumeyapanga tu majibu kwa mwaka na msomaji anajionea mwenyewe. Kwenu labda swali litakuwa maji mlichota wapi, au fotokopi mlitoa wapi, au jioni mlicheza mpira kiwanja cha nani. Chagueni moja mkomae nalo.

Miaka ndo itakayokusumbua. Mtu anakumbuka harufu, anakumbuka rangi ya shati, mwaka hakumbuki, atakwambia "ilikuwa kama 2009 hivi au 2011". Usimbishie wala usimwambie ajaribu kukumbuka, mpe kitu cha mjini ashikie. Ilikuwa kabla au baada ya mabomu ya Mbagala? Hiyo ni tarehe 29 Aprili 2009. Yale ya Gongo la Mboto? 16 Februari 2011, usiku, na mtu yeyote aliyekuwa Dar atakwambia alikuwa amesimama wapi. Brazil walipokuja kutupiga tano moja pale Taifa ulikuwa mwaka wa ngapi? Juni 2010. Mafuriko ya Jangwani ni Desemba 2011. Kwa wadogo zetu unauliza mwendokasi ilikuwa imeanza, yaani Mei 2016, au mabasi ya mkoa yalikuwa yameshahamia Mbezi kutoka Ubungo, maana hiyo ni 2021. Mwenzetu mmoja alikuwa anaapa kwamba uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ule uliovunjika ulikuwa 2009, tulipomuuliza habari za Brazil akanyamaza, akasema ngoja, mi nilikosa ile mechi kwa sababu nilikuwa nagombea. Kesi imeisha.

Picha nazo zinajitaja umri zenyewe ukiziangalia vizuri kwa nyuma. Bango la Zain, ile kampuni ya simu, likionekana ukutani hiyo picha ni kati ya 2008 na 2010, maana kabla yake ilikuwa Celtel na baada yake Airtel. Usiangalie sura tu, angalia mabango, viatu, simu iliyoshikwa mkononi.

Mkiweza tembeeni. Hakuna mbinu inayoishinda hii na gharama yake ni nauli ya daladala na maji ya kunywa. Tulichukuana watu watatu Jumamosi asubuhi mapema, kabla jua halijachachamaa na kabla ya honi, tukaanzia pale tulipokuwa tunashuka tukatembea njia ile ile ya zamani mpaka kwenye lile duka la masinki. Simu inarekodi, iko mfuko wa shati, kimaiki cha kubana kwenye kola. Yule ambaye kwenye fomu aliandika "tulienjoi" alifika kwenye kona moja akasimama akasema hapa ndo nilipigiwa simu kuwa ada imepatikana, nilikuwa nimeshika karanga, nikazimwaga zote. Hakuwahi kulikumbuka hilo kabla ya kuiona ile kona. Muuza vigae mwanzoni alidhani sisi ni watu wa kodi akaanza kujihami, tukamweleza, akacheka, akatupandisha juu. Ukutani nyuma ya masinki kulikuwa bado kuna alama ya pale ubao ulipokuwa umepigiliwa, misumari minne. Tukapiga picha misumari. Mtu mwingine ataona ni upuuzi lakini kwetu ile ndo picha ya thamani kuliko zote.

Kingine, msihojiane wenyewe kwa wenyewe tu. Sisi wanafunzi tulikaa miaka mitatu tukaondoka, lakini kuna watu wamekaa pale intake zote wanatuangalia tunapita, mama ntilie, mwenye stationari, dereva bajaji wa kijiweni, fundi nguo aliyekuwa anapunguza masuti ya kuprizentia, mama mwenye nyumba za kupanga, na zaidi ya wote mlinzi. Mlinzi wetu kastaafu yuko Kimara kwa mwanawe. Tulipofika nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu," akanikazia macho kidogo halafu akasema, "Wewe si ndo wale wa kuruka ukuta usiku mkitoka kuangalia mpira?" Nilikuwa na suruali ya kitambaa na mke wangu pembeni. Huyo mzee alitupa vitu ambavyo hakuna mwanafunzi angetupa, kwa mfano nani alikuwa anakuja kusoma saa kumi alfajiri kila siku, na mzazi gani alisafiri kutoka Sumbawanga akakaa getini siku mbili anamtafuta mtoto ambaye kumbe alishadisko mwaka mzima na nyumbani hajasema.

Watu hawa usiwaendee na karatasi ya maswali. Nenda na sukari kilo mbili na majani ya chai kama unavyokwenda kwa mkubwa yeyote, kaa, ongea habari za afya na watoto na mvua, afu ndo uombe ruhusa ya kurekodi, na simu uiweke mezani aione. Akikataa kurekodiwa andika kwenye daftari. Akikataa na daftari basi kunywa chai, utarudi siku nyingine.

Utakutana na uongo pia, na mwingi sio uongo wa makusudi. Sisi tulikuwa na mgomo wa maji, hosteli ilikaa siku tisa bila maji, watu wakatoka na ndoo barabarani. Nimewahoji watu thelathini na kitu kuhusu ule mgomo na wote walikuwa mstari wa mbele. Wote. Ukihesabu waliodai kushika lile bango la boksi, lile boksi lingekuwa na urefu wa kutoka Sinza mpaka Mwenge. Usimwambie mtu unadanganya. Muulize ulivaa nini, kulia kwako alikuwa nani, na mlipotawanyika ulikwenda wapi. Aliyekuwepo atakwambia alikwenda kwa shangazi yake Manzese akaoga kwanza, aliyehadithiwa atarudi kwenye bango. Na zikipatikana hadithi mbili zisizopatana, kwa mfano huyu anasema waliitwa polisi na huyu anasema alikuja mkuu wa chuo peke yake na gari lake, ziandike zote mbili na majina ya waliosema, usijifanye hakimu.

Halafu kuna yale mazito. Usifikiri kumbukumbu za chuo ni vicheko tu. Pale Mlimani zamani kulikuwa na Mzee Punch, maandishi na michoro ya kubandika ukutani kwa siri ya kuwasema watu, kuna wazee mpaka leo ukiwatajia wanacheka wanasema ule ulikuwa utamu wa chuo, lakini kuna walioharibiwa maisha nao, na 1990 baada ya mwanafunzi mmoja wa kike kujiua kwa kudhalilishwa ndipo ikapigwa marufuku. Kila chuo kina Mzee Punch wake, hata kama habandikwi ukutani. Kuna dada tuliyekuwa tunamtania kwa jina la utani miaka mitatu nzima, mi nikiwemo, nikampigia kumwomba kumbukumbu nikaanza kwa kumwita lile jina kwa furaha kabisa. Kimya. Akaniambia kaka, hilo jina sikulipenda hata siku moja. Sikuwa na la kusema zaidi ya samahani, na mahojiano yale hayakufanyika mpaka miezi mitano baadaye alipopiga mwenyewe.

Kwa hiyo mambo ya mapenzi, mimba, ticha aliyetaka rushwa ya ngono, mtu aliyechanganyikiwa, hayo hayaulizwi kwenye grupu na hayaulizwi kwa mkato. Yanasikilizwa mwenyewe akiyaleta, ana kwa ana, na kabla hujaweka popote unamrudishia maandishi ayasome, na akisema toa hapa unatoa bila kujadiliana. Tusisahau na sheria, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi tangu Mei 2023, jina la mtu na picha yake na habari za afya yake sio mali yako kwa sababu tu mlikaa dawati moja. Sisi tunachukua ruhusa kwa sauti mwanzoni mwa kila rekodi, mtu anataja jina, tarehe, na kwamba amekubali itumike kwa kazi gani. Sekunde kumi na tano tu na inakuokoa na mengi.

Kwenye mitambo sitakaa sana, ila kuna makosa yanauma. Voisinoti za WhatsApp ni nzuri sana kwa watu walioko mikoani na nje, mtu anakutumia akiwa jikoni anakaanga vitumbua unasikia mpaka mafuta, lakini usiziache humo humo, simu ikiibiwa Kariakoo na kumbukumbu za watu arobaini zimekwenda. Siku hiyo hiyo izihamishe, zipe jina na mwaka, sio "sauti mpya 37". Picha mwambie mtu akutumie kama dokumenti, ukitumiwa kawaida WhatsApp inaibana mpaka sura zinakuwa uji. Picha za karatasi zipige mchana karibu na dirisha, bila flashi, na ukitaka kuandika majina nyuma tumia penseli, wino wa biki unapenya mbele. Risiti na karatasi za benki zile za kung'aa piga picha leo leo, hazikai, joto la Dar linazifuta zinabaki nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Za kwangu za ada zimebaki mbili tu zinazosomeka.

Na uliza kuhusu simu za zamani kwenye droo. Mambo yetu mengi ya 2010 huko yalikuwa BBM, ile meseji ya simu za BlackBerry, na BBM ilizimwa Mei 2019, yaliyokuwa humo yakaenda nayo. Ila vile vikadi vya memori vya Nokia mara nyingi bado vinasoma, jamaa mmoja alikuta picha 300 na kitu kwenye kadi iliyokuwa ndani ya kopo la vifungo vya mama yake.

Kuandika kilichosemwa ndo kazi inayoua miradi ya namna hii, saa moja ya sauti ilikuwa inanila saa tano za kuchapa. Hatukuchapa vyote. Tunasikiliza, tunaandika kwenye daftari dakika ya ngapi anaongelea nini, na tunachapa zile dakika sita saba zenye nyama. Na tunachapa alivyosema, kama kasema "nkamwambia we vipi" inaandikwa hivo hivo, usimgeuze mtu wa Temeke akawa mtangazaji wa taarifa ya habari.

Waliotangulia nao wana nafasi yao. Intake yetu tumeshazika tisa. Mwanzoni tuliweka orodha ya majina na tarehe, ikawa kama tangazo la gazetini, tukaifuta. Sasa kwa kila aliyekwenda tunatafuta mtu mmoja aliyekaa naye chumba atupe jambo moja dogo tu, mmoja wao alikuwa anaimba kaswida akipiga pasi, mwingine alikuwa hawezi kulala bila redio na waliokuwa wanalala naye wanaichukia ile redio mpaka leo. Halafu tunawapelekea familia waisikie kwanza. Mama mmoja Mbagala aliomba tumwachie sauti kwenye simu yake, tukamwekea.

Usisubiri ikamilike ndo uipeleke mahali. Ya kwetu haijakamilika na haitakamilika, lakini ipo kwenye flashi tatu, moja kwangu Tabata, moja kwa CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, aliyehamia Mbeya, na ya tatu tuliipeleka maktaba ya chuo, jengo jipya, viyoyozi, milango ya kioo. Mkutubi ni binti mdogo, nilipomwambia tulikuwa tunasomea kwenye ukumbi wa sendofu alidhani namtania. Akaichomeka, akasikiliza kidogo ile ya mzee mlinzi, akacheka kwa mkono mdomoni. Halafu akatoa daftari kubwa la mapokezi, akapiga mistari kwa rula, akaandika "flashi moja, kumbukumbu", akaligeuza upande wangu na kunipa biki nisaini. Nyuma yangu foleni ya madogo wanaorudisha vitabu, wananisukuma. Nikasaini haraka haraka kama bumu.